Simba Hakuna, Chui Hakuna

Mama yangu aliniambia niende bara na mume wangu na mwanangu wa kiume, lakini binti nimwache kwake. Alisema hivyo tukipeta mchele, bila kuinua macho. "Huyo mdogo mbebe, hajui kutoka peke yake. Wa kike ana miguu. Mwenye miguu ndiye anayekutana na simba."

Binti alikuwa na miaka mitano, na miguu kweli alikuwa nayo. Ukimwita sebuleni yuko uani. Ukienda uani yuko kwa jirani anakula chapati. Lakini nimemzaa mwenyewe, na sikuwa tayari kumwacha kwa sababu ya simba ambaye hata hatujaonana naye. Nikamwambia mama hivyo hivyo. Mama akasema nina kiburi. Nikamwambia nimekirithi. Tukanuniana siku mbili nzima, tunapishana ukumbini kama wapangaji.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini. Unguja ilikuwa na Sultani wake, Tanganyika ina Gavana wake, na kwenda huko kulikuwa kwenda nchi ya watu. Mume wangu, fundi wa mashine, alikuwa amepata kazi katika kiwanda cha kuchambulia pamba huko Bariadi. Mtaani kwetu hakuna aliyepajua Bariadi, kwa hiyo kila mtu alikuwa na habari zake. Shangazi alisikia kwamba treni ikisimama porini simba huingia mabehewani kuchagua abiria. Jirani mmoja alisikia kwamba chui wa huko anajua kufungua komeo. Muuza kahawa akamwambia mume wangu kwamba nyoka wa bara wanapiga miluzi. Mbele yao nilicheka, tena kwa sauti. Halafu nikaingia chumbani, nikamshika binti mguu mmoja, nikaupima kwa kiganja changu. Ulikuwa mdogo sana.

Mwishowe mama na mimi tukapatana. Kila mwezi nitamwandikia barua, na ndani ya barua nitataja wanyama. Siku mnyama yeyote atakapomdhuru mtoto, hata kumparura tu, binti anarudi Unguja kwa meli ya kwanza na atalelewa na bibi yake. Mama akataka kiapo. Nikaapa, mkono juu ya msahafu, wala sauti haikutetemeka. Nilijua sitashindwa. Mimi ndivyo nilivyo: nikishasema jambo, jambo hilo na lijipange lenyewe.

Tulikwenda kwa meli mpaka Dar es Salaam, kwa treni mpaka Mwanza, na kutoka hapo kwa lori la mizigo. Hakuna simba aliyeingia behewani. Walioingia ni wauza mayai ya kuchemsha. Lori liliposimama Nyashimo, dereva akashuka kula samaki, nikamfuata nikamuuliza simba wako wapi.

"Simba wako mbugani kwao, mama," akanijibu, mwiba wa samaki mdomoni. "Mimi ninaogopa matope."

Na matope yalitukamata kweli kabla ya kufika. Tulishuka wote tukasukuma, hata binti, na akaingia Bariadi akiwa na rangi ya udongo kutoka kichwani mpaka kwenye hiyo miguu yake. Alifurahi mno. Aliuliza kama tutarudi kusukuma kesho.

Nyumba tuliyopewa ilikuwa Somanda, vyumba viwili, matofali mabichi, paa la bati, na kuizunguka yote ulikuwapo ua wa minyaa. Mimi nimezaliwa baina ya kuta za mawe, mjini, na ua niliokuwa nikiujua ni wa makuti. Minyaa sikuijua. Niliona vijiti vya kijani visivyo na majani, vimesongamana, virefu kupita kichwa cha mume wangu, na katikati yake giza. Nikasema moyoni: haya, hapa ndipo wanapokaa.

Nikaanza kazi. Mume wangu nikamtuma kuweka nondo madirishani. Kila mlango ukapata makomeo mawili, moja juu, moja chini, ili yule chui fundi ahangaike kidogo. Binti nikamfunga njuga mguuni, kengele ndogo tatu kwenye uzi, nisikie aliko. Mume wangu akaniuliza kama na yeye nitamfunga. Nikamwambia akichelewa kurudi, ndiyo.

Ng'ambo ya ua aliishi jirani yangu, mke wa mfugaji, mwanamke wa umri wangu, mtoto mchanga mgongoni na ng'ombe wengi kuliko nilivyoweza kuvumilia. Kiswahili chake kilikuwa kifupi, na Kisukuma changu hakikuwapo kabisa. Asubuhi ya kwanza alikuja akasema, "Mwangaluka, mayu," na hiyo ndiyo salamu yao ya asubuhi, mayu ni mama. Kisha akaziona njuga. Akainama, akazitikisa kwa kidole, akacheka mpaka mtoto mgongoni akaamka.

"Huyu ni ndama?" akaniuliza.

Sikucheka. Nilimwambia kwetu mtoto anaangaliwa. Na nilimwambia jambo jingine, naona haya hadi leo: kwamba binti asipewe chakula bila ruhusa yangu, kwa sababu sijui vyakula vya huko. Yeye hakukasirika. Lakini tangu siku hiyo, kila alipotaka kumpa binti kiazi, alisimama ng'ambo ya ua akapaza sauti kama anauza mnadani: "Mayu! Kiazi kimoja! Ruhusa?" Na mimi kutoka jikoni: "Ruhusa!" Wapita njia wakawa wanasimama kusikiliza.

Alinionya mengi, nami nikayasikia nusu. Alisema vitu vya ngozi visilale nje, fisi hupita. Mume wangu akasahau viatu vyake kwenye mlango wa ua, asubuhi tukakuta kimoja. Tulikwenda kumwonyesha kile kilichobaki. Akakishika, akakigeuza, akasema kwa uso mkavu: "Kiatu ameondoka nacho, mguu ameacha. Sema wabeja." Wabeja ni asante. Mume wangu alisema wabeja.

Barua ya mwezi huo nilimwandikia mama hivi: Simba hakuna, chui hakuna. Fisi anasikika kwa mbali. Binti mzima na anakula. Habari ya kiatu niliiacha, kwa sababu patano letu lilikuwa la mtoto, si la viatu. Mwezi uliofuata nikaandika hivyo hivyo, na mwezi wa tatu, nikaanza kujisikia mshindi. Nilitembea Bariadi kichwa juu. Wakati wa pamba mji ulijaa magunia, na mimi nilipita katikati yake kama mtu aliyewashinda simba kwa mikono yake.

Halafu nikamwona nyoka.

Ilikuwa asubuhi, jua limekwisha kutoka, mume wangu kaenda kazini. Nilikuwa naanika nguo. Alipita mbele yangu mwembamba, wa kijani, kama kamba ile ile niliyokuwa naanikia, akaingia ndani ya minyaa na kupotea. Hakupiga mluzi. Hakunitazama hata kidogo. Lakini binti alikuwa hatua tatu kutoka pale, amechuchumaa anachimba mchanga, na mimi nikaona meli, nikaona mama amesimama bandarini, mikono mbele, anapokea.

Mume wangu aliwahi kuniambia: jambo lolote la nyumba hii, waulize kwanza wenyeji. Thubutu! Mimi niulize ruhusa ya kuwalinda wanangu? Nilimwingiza binti ndani, nikamwambia asitoke, nikamwekea mdogo wake miguuni. Nikachukua panga. Nikaanza kufyeka ua.

Minyaa si migumu kukata. Ni laini, panga linapita. Na kila linapopita unatoka utomvu mweupe, mweupe kabisa kama maziwa, unaruka na kudondoka. Niliufuta mkononi kwa kanga nikaendelea. Nilikwisha kufungua nafasi ya kupita mtu mmoja nilipomsikia jirani. Alikuwa anakuja mbio kutoka zizini, mtoto anarukaruka mgongoni, anapunga mikono yote miwili.

"Leka! Leka, mayu!"

Nilielewa. Hata asiyejua Kisukuma angeelewa kwamba ananiambia niache. Nilidhani anautetea ua wake, na hasira zikanipanda. Nikamwambia, kwa sauti ambayo naisikia mpaka leo: "Ua ni wangu, bibi, na watoto ni wangu!"

Nikainua panga tena. Nyuma yangu njuga zililia. Nilizisikia, wallahi nilizisikia, ndiyo maana nilizifunga. Lakini mkono ulikwisha kushuka.

Binti alikuwa amekuja kuona maziwa yale yanatoka wapi. Utomvu ulimpata usoni, ukaingia jicho la kulia.

Kilio kile sitakieleza. Nilitupa panga, nikamkamata, nikaanza kumfuta kwa pembe ya kanga, kanga ile ile niliyofutia mkono. Nilikuwa nampaka sumu mwanangu kwa mkono wangu mwenyewe. Jirani alipita katika ile nafasi niliyoifungua, akanisukuma kwa bega nikaanguka chini, mimi, na sijawahi kusukumwa na mtu. Akamlaza binti chali mchangani, akamkalia mikono kwa magoti. Akavuta nguo kifuani, akatoa ziwa, akamfumbua jicho kwa vidole viwili na kulikamulia maziwa humo.

Nilidhani amepata wazimu. Nilimrukia kumvuta. Akanipiga kiwiko bila kunitazama na kuendelea kukamua, maziwa yanaingia jichoni yanatoka, yanaingia yanatoka, yanamwagika sikioni mwa binti na mchangani. Ziwa moja lilipopungua akageukia la pili. Mtoto wake mgongoni alisikia harufu ya maziwa, akaanza kulia na yeye, anataka chake. Mama yake hakumpa. Mimi maziwa yangu yalikwisha zamani, mdogo ana miaka mitatu, na nilikaa pale chini na matiti yangu makavu nikimwangalia mwanamke niliyemfokea akimpa mwanangu maziwa ya mwanawe mpaka tone la mwisho.

Kisha akambeba, siyo mimi, yeye, na tukakimbia hospitali, ambayo namshukuru Mungu ilikuwa karibu. Dresa, mfunga vidonda wa hospitali, alimwosha jicho kwa maji mengi sana, birika baada ya birika, akampaka dawa, akamfunga bandeji. Aliuliza nani aliyemwosha mwanzo. Nikamwonyesha jirani. Dresa akasema watu wengi hufika wakiwa wamesugua jicho, na wengine hawaoni tena. Bandeji tutaifungua siku ya tatu.

Siku tatu. Mume wangu aliporudi nilimweleza yote. Ni mtu wa mzaha, na siku hiyo mzaha hakuwa nao. Alikaa karibu na kitanda akazifungua zile njuga mguuni kwa binti, taratibu, akaziweka mfukoni. Nilitamani anifokee. Mimi ningejifokea mwenyewe kama ningejua pa kuanzia.

Jirani alikuja kila asubuhi. Mwangaluka, mayu. Nilimwitikia macho chini. Nilitaka kumwomba radhi na maneno hayakutoka. Mimi, ambaye maneno hayajawahi kunipungukia. Siku ya pili nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema kwamba minyaa ina sumu. Akashangaa kweli kweli.

"Mtoto wetu akitambaa anajua," akasema. "Mimi nitakwambiaje moto unaunguza?"

Akanionyesha wao wanavyofanya. Ukitaka kukata mnyaa unasimama upepo ukiwa mgongoni, unafunika macho kwa kitambaa, unageuza uso pembeni, na watoto wote wanapelekwa mbali, nyumba ya tatu. Na haukatwi kwa sababu ya nyoka. Ua ndio unaozuia fisi. Yule nyoka wa kijani yeye anamjua, yuko humo tangu yeye hajaolewa hapo, anakula mijusi.

Siku ya tatu dresa alikuja mwenyewe nyumbani, akaketi na binti mlangoni ambako kuna mwanga. Akafungua bandeji mzunguko kwa mzunguko. Jicho lilikuwa jekundu kama embe bovu. Akalifunika lile zima kwa kiganja chake.

"Unaona nini?" akamuuliza.

Binti aliinamisha kichwa upande. Mimi nilikuwa nimeshika nguzo. Nikaanza kumwahidi Mungu mambo ambayo hata sikuwa na uwezo nayo.

"Ng'ombe," binti akasema. "Anakula kanga ya mama."

Tukageuka wote. Ng'ombe wa jirani alikuwa amepita katika nafasi niliyoifungua mwenyewe kwa panga, amesimama kwenye kamba ya nguo, na nusu ya kanga yangu imekwisha kuingia kinywani, nusu inaning'inia. Ilikuwa ile ile kanga ya panga, nimeifua mara nne. Mume wangu alianza kucheka, akashindwa, akaketi chini analia. Mimi sikumfukuza ng'ombe. Nilimwacha ale mpaka ashibe.

Kulikuwa na barua ya kuandika. Nilikaa na kalamu, nikatazama mambo kama yalivyo. Kwa patano letu nilikuwa nimeshinda: mnyama hajamgusa mtoto, na kijiti si mnyama. Nikaandika: Simba hakuna, chui hakuna. Nikakunja karatasi. Nilipoinua bahasha kuilamba, ulimi ukakataa. Nilijua mama akisoma yote atasema binti arudi, na safari hii nitakosa la kumjibu. Nilikuwa na mtoto jikoni anayeimba kwa Kisukuma huku akimenya viazi, na nikaona huenda ni mwezi wangu wa mwisho naye. Hata hivyo nikaikunjua karatasi. Nikamwandikia: mnyama hakuna, mama, ni mimi. Nikaandika panga, nikaandika onyo nililolidharau, nikaandika maziwa ya jirani na mtoto wake aliyelala na njaa siku ile, nikaandika hata kanga na ng'ombe. Mwisho nikaandika: sema utakalo, nitatii. Neno hilo sikuwahi kumwandikia mama tangu nizaliwe.

Nikamwambia mume wangu aulize habari za lori la Mwanza. Nikafua nguo za binti, nikazipanga katika kikapu kimoja. Tulipanda vijiti vipya vya minyaa katika ile nafasi, mimi na jirani, uso pembeni, kitambaa machoni. Jirani alikiona kikapu mlangoni. Nikamweleza kwamba bibi yake binti atamtaka arudi Unguja. Alikisukuma kwa mguu mpaka nyuma ya mlango, ambako hatakiona tena, akaenda zake.

Majibu yalikuja kama kifurushi. Mama alikuwa akiandika kwa herufi za Kiarabu, mistari inapanda juu kila anapokasirika, na barua hii ilipanda mwanzoni kisha ikanyooka. "Nilisoma ya panga," aliandika, "nikavaa buibui nikatafute nauli, nije nimchukue mwenyewe kwa mkono wangu. Nikarudi kusoma ili nijue nije na dawa gani, ndipo nikaona ya maziwa. Nikavua buibui. Mwanamke aliyemwosha mtoto wako kwa maziwa yake, akamnyima wa kwake, huyo ni mama yake. Nikimwondoa huko nitakuwa nimemnyang'anya mama. Mwache akae. Na habari za wanyama usiniandikie tena. Niandikie kama huyo mwanamke hajambo."

Ndani ya kifurushi mlikuwa na doti ya kanga. Lakini mama alikuwa ameshaikata na kuipinda, vipande viwili mbalimbali, na kimoja kakifunga kwa karatasi. Kwetu doti hugawani na mtu wa nje. Mgeni unampa doti nzima au humpi. Mtu wa kugawana naye ni mama yako, dada yako, binti yako.

Nilijifunga kipande changu kiunoni nikazunguka ua. Jirani alikuwa anakamua ng'ombe, huenda ni yule yule mla nguo. Alifuta mikono, akaifungua karatasi, akaikunjua kanga, akainusa. Kisha akaitikisa karatasi. Kanga alizijua, maduka ya Wahindi pale Bariadi yalikuwa nazo, na alijua huja mbili mbili.

"Nyingine iko wapi?" akaniuliza.

"Nimeivaa," nikamwambia.

Akatazama kiunoni mwangu, akatazama mkononi mwake. Hakusema wabeja. Alijifunga juu ya nguo aliyokuwa nayo, akaingia jikoni kwake, akatoka na kiazi kinachofuka moshi, akamwita binti aje kula, na safari hii hakuomba ruhusa.